Honi ya Ta Josia

Saa tano na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Immakulata alivunja sheria ya kitambaa chekundu kwa mara ya kwanza tangu iwekwe. Mumewe, Josia, alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu akarudi kwao Muleba alirudi na reli kichwani. Kwenye mlango wa karakana yake, nyuma ya nyumba, alipigilia msumari wa kutundikia vitambaa. Kikiwa cha kijani, ingia. Kikiwa chekundu, hata nyumba ikiungua, subiri. Siku hiyo chekundu kilikuwepo tangu saa tatu, uji wa mzee ulikuwa umepoa na kupashwa mara mbili, na Immakulata akasema liwalo na liwe, akasukuma mlango.

Alimkuta kwenye kiti chake, kichwa kimelala juu ya meza, miwani sakafuni. Mbele yake kilikuwepo kichwa cha treni cha mfano, kirefu kiasi cha mkono wa mtu kuanzia kiwiko hadi vidole, ganda limefunguliwa na nyaya za rangi zimechomoza. Alimwita. Alimgusa shingo, akaikuta baridi. Ukelele wake ulisikika hadi barabarani.

Kwanza watu walisema moyo umesimama. Jioni yake daktari akakuta michubuko ndani ya midomo na nyuzi za kitambaa puani. Ta Josia, kama wote walivyomwita kwa heshima, alikuwa amezibwa pumzi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Sajenti Mutembei wa polisi Muleba alifika kwenye kibanda cha Celina karibu na soko la Bukoba, akatafuta mahali pa kukaa ambapo hapakuwa na redio iliyofunguliwa. Hakupapata. Celina, fundi wa redio na simu, aligeuza ndoo akamsogezea aikalie.

“Alexander anasema Jumanne saa nne na nusu alikuwa hapa kwako,” Mutembei alianza. “Yule mtoto wa kaka yake Ta Josia, aliyelelewa na mzee.”

“Alikuwepo. Alifika saa nne na dakika kumi.”

“Alileta nini?”

“Simu ya Ta Josia, haiwaki. Alisema aliichukua kwa mzee Jumapili, akachelewa kuileta kwa ajili ya kuku wake wa mayai kule Kagondo. Nilipokuwa naifungua akampigia Ma Immakulata kwa simu yake mwenyewe, akaweka sauti ya nje.”

“Kwa nini sauti ya nje?”

“Alisema mkono una grisi ya pikipiki, hataki kuishika.”

“Wakaongea nini?”

“Mambo ya nyumbani. Kahawa imekauka kiasi gani, nani anaumwa. Kama dakika tano hivi. Halafu nikaisikia honi.” Celina aliweka bisibisi mezani. “Mara mbili, ndefu. Ikafuatiwa na kikohozi.”

Kalamu ya Mutembei ilisimama. “Kikohozi?”

“Kimo ndani ya rekodi, afande. Sauti ile niliitia mimi.”

Akamweleza. Ta Josia alikuwa amempelekea kadi ya sauti, ndogo kiasi cha stempu ya barua, ya kufunga ndani ya kile kichwa cha treni. Alimpa pia rekodi aliyoichukua mwenyewe kwa simu siku ya safari yake ya mwisho kazini. Celina aliihamishia kwenye kadi na kuipanga kama mzee alivyotaka: reli ikipata umeme tu, injini inaamka yenyewe, na baada ya sekunde ishirini inapiga honi mbili. Mwishoni mwa honi ya pili dereva alikuwa amekohoa. Celina alimuuliza kama akikate kikohozi hicho. Mzee akacheka, akasema treni isiyo na dereva ni ya nini.

“Niliituma kwa basi Jumatatu saa nane mchana. Nikaandika na maelekezo ndani ya boksi. Nyaya nyekundu na nyeusi ziende kwenye reli, zambarau kwenye spika. Za mota, chungwa na kijivu, aziache hadi mwisho, maana zikigusa mahali pabaya kadi inaungua. Jumanne nilipoisikia kwenye simu nilifurahi kama mtoto. Na Alexander alicheka. Akasema, ‘Mzee huyo! Mota bado hajaunganisha, honi ameshaanza.’ Ma Immakulata naye akasema, ‘Unamsikia baba yako? Tangu asubuhi kajifungia.’”

Mutembei aliandika yote, kisha akafunga daftari taratibu. Hakuwa na uso wa mtu aliyepata alichokitaka.

“Basi saa nne na nusu mzee alikuwa hai. Daktari anasema alikufa kati ya saa moja na saa tano, hawezi kubana zaidi ya hapo. Wewe na honi yako ndio mnaobana. Kuanzia saa nne na nusu hadi saa tano na robo, pale nyumbani alikuwepo mkewe peke yake. Ninamjua mama yule, alinifundisha katekisimu. Lakini kesho baada ya Misa ukoo unakaa kumtoa kwenye kibanja, nyumba na shamba, aondoke na nguo zake tu. Na Jumatatu mimi nitakwenda na pingu.”

Ushahidi wa Celina, wa kweli kabisa, ulikuwa unampeleka mwanamke wa miaka sitini na sita gerezani.

“Na lile jambo lingine?” aliuliza. “Watu wa basi wanasema mzee bado anapiga honi.”

Mutembei alitazama pembeni. Alikuwa mtu mzima, mwenye bunduki na cheo, na Celina aliona aibu ikimpanda.

“Jumatano nilikuwa pale na vijana wangu. Saa nne na nusu kamili, karakana iko tupu, ikalia. Nikafungua mlango. Inanguruma peke yake mezani, taa ya mbele inawaka. Halafu ikakohoa.”

“Ukafanya nini?”

“Nikafunga mlango.”

“Hukuchomoa umeme?”

“Fundi, wewe ungechomoa?” Mutembei alifuta paji la uso. “Nikapiga kufuli karakana na stoo ya kahawa iliyopakana nayo, maana meza ile inapata umeme kutoka stoo. Kuna soketi pale, kile kidude cheupe cha kulindia friji, na waya unaopita kwenye tundu la ukuta. Sikuona hitilafu. Na mkuu wa ukoo, Ta Kahigi, akasema vitu vya kazi vya marehemu visiguswe hadi ukoo ukae. Nikashukuru. Sasa Alhamisi, siku ya mazishi, saa nne na nusu ikapita kimya. Tukapumua. Saa nane na nusu jeneza linashuka, Ma Immakulata anachota udongo wa kwanza, ikalia. Watu walikimbia hadi ndani ya migomba. Alexander akasema mbele ya wote kwamba baba anamkataa aliyemuua.”

“Na jana?”

“Saa nane na nusu tena.”

Celina alichukua kipande cha karatasi akaandika: Jumanne saa nne na nusu. Jumatano saa nne na nusu. Alhamisi saa nane na nusu. Ijumaa saa nane na nusu. Aliitazama karatasi muda mrefu. Tangu Jumanne naye hakuwa amelala vizuri. Kila akifumba macho alisikia kile kikohozi, akijiuliza kama amemfunga mtu ndani ya kitu asimopaswa kufungwa.

“Nipeleke, afande,” alisema, akaanza kufunga kibanda.

Walifika saa saba mchana. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, katikati ya migomba, na kahawa imeanikwa uani kwenye mikeka. Waombolezaji walikaa upande wa mbele. Upande wa nyuma hapakuwa na mtu hata mmoja. Hata kuku, ilionekana, walikuwa wameambiwa.

Immakulata alikuwa jikoni kwenye kigoda, mgongo umenyooka. Wanawake wawili waliokuwa wakimenya ndizi walikaa mbali naye kidogo, kwa makusudi.

“Pole, Ma Immakulata,” Celina alisema, akipiga magoti.

“Asante, mwanangu. Wewe ndiye uliyemtengenezea sauti.” Hakusema kwa lawama. “Uliza unachotaka kuuliza. Wote wananiuliza.”

“Jumanne ulimwona mzee mara ya mwisho saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili na nusu, nikienda Misa. Alikuwa ameshaanza kazi, kitambaa cha kijani mlangoni. Baada ya Misa tukafagia kanisa, akina mama sita. Nilirudi saa tatu nikakuta chekundu. Nilishangaa. Hakuwahi kuweka chekundu kabla ya kunywa uji.”

“Na ulipomkuta, ulisema shingo ilikuwa baridi.”

“Baridi kama mtungi. Nilimwambia afande. Akasema karakana haina jua.”

Mutembei alikohoa kidogo, akatazama mafiga.

“Kabla ya ile simu ya Jumanne, ulikuwa umeongea na Alexander lini?”

“Jumapili alipokuja. Hatukuongea tena hadi alipopiga.”

“Ulimweleza lolote kuhusu mota, au nyaya?”

“Mota ndiyo ipi?” Immakulata aliuliza, kwa unyofu.

“Jumapili palikuwa na maneno?”

Immakulata aliwatazama wale wanawake wa ndizi, kisha akaamua kwamba hana cha kuficha. “Hatukujaliwa mtoto. Alexander tulimchukua ana miaka tisa, awe omusika wa baba yake, arithi. Jumapili Ta Josia alimwambia kwamba kibanja ataniandikia mimi, nisije nikafukuzwa siku akifa. Kabla ya hapo alikuwa amemsimulia honi yake mpya, itakayolia yenyewe umeme ukiwashwa. Alexander alimaliza chakula, akachukua simu ya baba yake ili aitengeneze, akaaga vizuri.”

“Unaona?” Mutembei alinong'ona walipotoka nje. “Kibanja kingekuwa chake. Hilo nalo linamkaba.”

“Karatasi ilishaandikwa?”

“Bado.”

“Basi angemuua baada ya kuandikiwa, afande, si kabla.”

Karibu na mpaka wa shamba walimkuta jirani, Dastan, akijifanya anakata majani makavu ya migomba. Wiki mbili nyuma, Ta Josia alipokuwa akiijaribu rekodi yake kwenye spika, Dastan alikuwa ameapa hadharani kwamba honi ile itamuua mzee. Alipomwona Mutembei aliweka panga chini haraka sana.

“Afande, nilisema kwa hasira tu! Mtu umelala mchana, unasikia treni. Muleba! Treni!”

“Jumanne ulikuwa wapi?” Celina aliuliza.

“Tangu saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya kupeleka kahawa chama cha ushirika. Waulize, tulikuwa zaidi ya ishirini. Nilirudi saa nne. Kuanzia hapo nilikuwa hapa peke yangu, Mungu shahidi. Na kama mzee analia kwa sababu ya mpaka, nimesharudisha.” Aliwaonyesha mistari ya mulamula, ile mimea ya mpaka, udongo wake bado mbichi. “Nilisogeza hatua mbili tu. Jana nimeirudisha yote. Mwambieni aache.”

Mutembei alifunga mdomo asicheke. Celina hakucheka.

“Wewe una umeme, Ta Dastan?”

“Umeme gani huu? Alhamisi ulikatika saa mbili asubuhi ukarudi saa sita kamili. Nilikuwa nasubiri kuchaji simu niwapigie watu wa mazishi. Jana jioni tena, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku.”

Celina alitoa karatasi yake. Saa mbili hadi saa sita, masaa manne. Na mzimu wa Alhamisi ulichelewa masaa manne. Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni.

“Afande,” alisema polepole, “ni mzimu gani unaochelewa umeme ukikatika?”

Mutembei alifungua kufuli la karakana kwanza. Palinuka lehemu na mafuta ya mashine. Celina aliinama juu ya kile kichwa cha treni bila kukigusa. Alijua kazi ya Ta Josia. Celina mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulehemu, mzee akija kibandani kila mwezi na kubishana naye kuhusu kila kitu. Nyekundu na nyeusi zilikuwa zimeshikwa safi, zambarau ziko kwenye spika, kila kiungo kimevalishwa mpira wake. Nyaya za chungwa na kijivu zilikuwa zimekunjwa pembeni, ncha zimefungwa kwa utepe. Mzee alikuwa amefuata maelekezo hadi pale alipofikia.

“Mota hajaunganisha,” Celina alisema.

“Hilo si ulishaniambia?”

“Mimi sikukuambia hivyo, afande. Mimi nilikuambia kwamba Alexander alisema hivyo.” Alinyooka. “Boksi lilifika Muleba Jumatatu saa ngapi?”

“Saa kumi na moja jioni. Mzee alilifuata mwenyewe.”

“Simu yake iko kwa Alexander tangu Jumapili. Ma Immakulata hajui mota ni kitu gani, na hawakuongea. Mimi sikumtajia. Jumanne saa nne na nusu, Alexander yuko Bukoba, anasikia honi na anajua kwamba mota haijaunganishwa. Alijuaje?”

Mutembei alikuwa ameshatoa ufunguo wa stoo.

Stoo ilikuwa na magunia ya kahawa hadi darini na soketi moja ukutani. Kidude cheupe kilikuwa kimechomekwa hapo, na waya wa treni umechomekwa ndani yake.

“Stoo hii ina friji?” Celina aliuliza.

Mutembei alitazama magunia. “Haina.”

“Kwa hiyo kinalinda nini?”

Alichuchumaa. Upande wa kidude, usioonekana ukisimama mlangoni, ulikuwa na kisahani cha saa chenye vipini vidogo pembeni. Kipini kimoja tu kilikuwa kimebonyezwa, kwenye saa nne na nusu asubuhi. Ilikuwa taima, ile ya kuwasha na kuzima taa yenyewe. Celina alitazama simu yake: saa nane mchana. Kisahani kilionyesha saa mbili asubuhi. Kilikuwa nyuma kwa masaa sita, manne ya Alhamisi na mawili ya jana jioni. Umeme ukikatika nacho kinasimama. Ukirudi kinaendelea pale kilipoachia, na hakuna aliyekuwa ameingia kukirekebisha.

“Kila siku kinaipa reli umeme kwa robo saa, kisha kinakata,” alisema. “Ta Josia hakupiga honi Jumanne. Alikuwa ameshakufa, ndiyo maana shingo ilikuwa baridi. Aliyemuua alitundika kitambaa chekundu ili asifunguliwe mapema, akaacha honi imlilie baadaye.” Kisha akainuka, maana jambo jingine lilikuwa limemfikia. “Akaja kukaa kwangu aisikilize. Alinichagua mimi kwa sababu ningeitambua.”

Hasira aliyoisikia haikuwa ya kipolisi. Ilikuwa ya mtu aliyetumiwa kama kikombe.

Mutembei alitoka nje, akapiga simu kituo cha Bukoba. Askari wa huko walikwenda Kagondo. Baada ya saa moja simu ililia, akasikiliza, akauliza swali moja, akakata.

“Mabanda manne ya kuku wa mayai. Matatu yana taima kama hii kwa ajili ya taa za alfajiri. La nne soketi yake ni tupu. Mfanyakazi anasema tangu Jumanne anawasha kwa mkono.”

“Alexander yuko wapi?”

“Yuko mbele na Ta Kahigi, wanapanga kikao cha kesho.” Mutembei alivaa kofia. “Nimkamate sasa hivi?”

“Ukimkamata sasa hivi, ukoo utasema polisi wamehongwa na mjane. Tusubiri.” Celina alijumlisha vidoleni, ingawa alishajua jibu. “Saa kumi na nusu.”

Saa kumi na dakika ishirini watu walikuwa wamekusanyika nyuma ya nyumba, wamesukumana ili asiwepo wa kusimama mbele. Ta Kahigi, mkuu wa ukoo, alikaa kwenye kiti cha mbao. Alexander alisimama kando yake, mwanamume wa miaka arobaini, shati jeusi limepigwa pasi, macho mekundu ya mtu aliyelia kweli. Immakulata aliletwa akasimama peke yake karibu na mkeka wa kahawa.

“Waitu, Ta Kahigi,” Celina alisema, akiinama. “Naomba ruhusa. Dakika kumi kuanzia sasa mtaisikia honi. Leo haitalia saa nne, wala saa nane. Italia saa kumi na nusu.”

Minong'ono ilizuka. “Umeongea naye?” mwanamke mmoja aliuliza, kwa hofu ya kweli.

“Sijaongea na mtu. Nimehesabu.”

Alexander alisogea. “Fundi, huu ni msiba. Huwezi kuja kuchezea jina la baba yangu.”

“Sichezei, Ta Alexander. Niambie tu, Jumanne asubuhi kabla hujaja kwangu ulikuwa wapi?”

“Kagondo. Na kuku wangu.”

“Muleba ulikuwa umefika lini kabla ya hapo?”

“Jumapili. Kila mtu anajua.”

“Na kati ya Jumapili na ile simu uliyopiga kibandani kwangu, uliongea na mtu yeyote wa hapa?”

“Na nani? Simu ya baba nilikuwa nayo mimi.” Alilisema hili kwa watu wote, kama mtu anayefunga mlango. “Hapana. Sikuongea na mtu.”

Mahali fulani mtoto alianza kulia akanyamazishwa. Kisha nyuma ya mlango wa karakana uliofungwa kufuli, injini iliamka. Kwanza mngurumo wa chini, ukapanda. Ta Kahigi alishika rozari. Sekunde ishirini zilipita kama mwaka. Honi ya kwanza ililia, ya mbali na ya huzuni. Ikaja ya pili, na baada yake kikohozi cha mtu waliyemzika.

Watu walirudi nyuma pamoja, macho yote kwenye mlango wa karakana. Celina hakuutazama mlango. Alimtazama Alexander, na Alexander alikuwa anatazama mlango wa stoo.

“Afande,” Celina alisema.

Mutembei alifungua stoo. Kwa mkono wenye glovu akachomoa kidude ukutani, na katikati ya mngurumo treni ikakata kauli. Akatoka nacho, akakiinua juu ili wote wakione.

“Nani anakijua hiki?”

Celina akaeleza, taratibu, siku kwa siku, masaa ya umeme na masaa ya honi, hadi hata Dastan akaelewa na kujilaumu kwa nguvu kuhusu mulamula yake. Akaeleza shingo ya baridi. Akaeleza kitambaa kilichobadilishwa kabla ya uji.

“Jumanne kati ya saa moja na saa tatu, Ma Immakulata alikuwa kanisani, Misa kisha kufagia, pamoja na akina mama wenzake. Ta Dastan alikuwa kwenye foleni. Wewe, Ta Alexander, huna shahidi isipokuwa kuku, na kuku wa banda la nne hawana taima tangu siku hiyo. Na uliniambia mwenyewe, ukicheka, kwamba mota bado haijaunganishwa. Jambo hilo lilijulikana na mtu mmoja tu, Ta Josia, na yeyote aliyesimama mezani kwake Jumanne asubuhi.”

Alexander alimtazama Ta Kahigi, kama mtoto anayemtafuta mkubwa wa kumtetea. Mzee yule alikuwa ameshageuza uso.

“Nilikuwa na miaka tisa,” Alexander alisema hatimaye. Hakuwa anamjibu Celina. “Mliniondoa kwa mama yangu mzazi, mkanileta hapa. Mkaniambia, wewe ni omusika, hapa ni pako. Nimechimba mashimo ya migomba hii kwa mikono yangu. Miaka thelathini na moja. Halafu Jumapili, kati ya tonge na tonge, ananiambia pametolewa. Hata hakuacha kula.” Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta. “Nilikwenda kumsihi. Yeye akaniambia, ‘Njoo kwanza usikie honi yangu.’”

“Na taima?” Mutembei aliuliza kwa upole wa kutisha. “Mtu anayekwenda kusihi hubeba taima?”

Alexander alinyoosha mikono yake mwenyewe.

Immakulata alilitazama gari la polisi likiondoka. Ta Kahigi alimjia, kofia mkononi, akasema mbele ya watu kwamba kesho hakuna kikao, kwamba kibanja ni chake, na kwamba neno alilolisema marehemu Jumapili ukoo utalisimamia. Wanawake wa ndizi walikuja kumshika mikono, wakilia zaidi yake. Aliwaacha wamshike.

Baadaye, watu waliporudi upande wa mbele, Celina alimkuta amesimama peke yake mlangoni mwa karakana, akitazama ndani.

“Umenirudishia nyumba, mwanangu,” Immakulata alisema. “Sitasahau. Lakini nikuambie ukweli. Wote walikuwa wanaikimbia ile honi. Mimi nilikuwa naisubiri. Alhamisi ilipolia kaburini nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijua hajaenda mbali.”

Celina alikuwa amepiga hesabu ile akidhani anaondoa hofu, na kumbe ameondoa na kitu kingine.

“Kumbe hakuwahi kuniita,” Immakulata alisema.

“Naweza kukupangia kitufe, Ma. Ukitaka kuisikia, unabonyeza.”

Immakulata aliifikiria ahadi hiyo kwa heshima, jinsi anavyofanya mtu aliyeletewa zawadi isiyomfaa.

“Hapana,” alisema. “Akilia kwa sababu nimembonyeza, huyo si yeye.”

Akavuta mlango, akaufunga. Kisha akaona kuku wamepanda juu ya mkeka, akaokota fimbo, akaenda kuwafukuza kwenye kahawa yake.